Daktari, vidonge vya majira vitanitoa chunusi au vitaniharibia kizazi?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 22, nasoma chuo hapa Moshi. Chunusi zilinianza nikiwa kidato cha sita, sasa zimehamia kidevuni na kwenye taya. Ni zile kubwa, zinauma, na kila moja ikipona inaacha doa jeusi. Wiki moja kabla ya siku zangu ndipo zinachachamaa. Nimebadilisha sabuni nyingi, na nikanunua sokoni krimu ya kuchanganywa. Mwanzo uso ulilainika, halafu ukawa mbaya kuliko zamani. Mwenzangu wa hosteli anatumia vidonge vya majira na uso wake umetakata. Amenipa nusu pakiti nijaribu. Dada yangu alichomwa sindano ya uzazi wa mpango, yeye chunusi zikamzidi. Mama akisikia habari za vidonge anasema nitakosa mtoto. Nami sijawa na mwenza, naona aibu kwenda kuviomba. Pia huwa naumwa kichwa mara kwa mara. Nifanye nini?"

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokaa mbele yangu kliniki. Nianze na lile unalolisubiri. Ndiyo, vipo vidonge vya homoni vinavyotibu chunusi za aina yako. Mwenzako hakukudanganya. Lakini chini ya jina hilo moja, "dawa za uzazi wa mpango", watu wamerundika vitu vitatu au vinne vinavyofanya kazi tofauti kabisa usoni. Kimoja kinaondoa chunusi. Vingine vinaweza kuzileta. Ndiyo maana wewe, dada yako, mama na mwenzako wa hosteli kila mmoja ana ushahidi wake na hampatani.

Tuanze na chunusi zenyewe. Mwili wa kila mwanamke unatengeneza kiasi kidogo cha homoni ambazo watu huziita za kiume, androjeni, na iliyo maarufu ni testosteroni. Zinatoka kwenye vifuko vya mayai na kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo. Usishtuke, ndivyo tulivyoumbwa. Kazi yake mojawapo ni kuziamuru tezi za mafuta za ngozi zitoe mafuta. Ngozi ya wengine inaisikia amri hiyo kwa ukali hata kama kipimo cha damu kinaonyesha homoni ziko sawa. Mafuta yakizidi, tundu la kinyweleo linaziba, bakteria wanaoishi humo siku zote wanaongezeka, mwili unapigana nao, na hapo ndipo unapata lile donge chini ya ngozi linalouma ukiligusa. Kwa wasichana waliovuka miaka ya sekondari, madonge hayo hupenda kidevu, taya na shingo ya juu, na hufuata kalenda ya hedhi. Wewe umeniandikia hivyo hivyo bila kuulizwa.

Kama una bibi anayelima huko juu mlimani, Marangu, Machame au Kibosho, utakuwa unaujua mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji hadi kwenye migomba. Mfongo ukifurika, unaweza kushinda na jembe ukizibua matope kila kona. Ndiyo kazi ya krimu na sabuni, na ni kazi ya lazima. Lakini yupo pia anayepanda juu kwenye banio na kupunguza maji yanayoingia. Kidonge chenye homoni mbili, estrojeni na projestini, kinafanya kazi ya huyo wa pili. Kinavituliza vifuko vya mayai ili vitoe androjeni kidogo. Wakati huohuo ile estrojeni inalifanya ini litengeneze kwa wingi protini inayoishika testosteroni ndani ya damu, na testosteroni iliyoshikwa haiwezi kuiamuru tezi ya mafuta. Kwa hiyo mafuta yanapungua kutoka ndani, mahali ambapo sabuni haifiki.

Hili halikuanza jana. Marekani iliidhinisha kidonge cha kwanza cha aina hii kwa ajili ya chunusi miaka ya 1990. Mwaka 2012 watafiti walikusanya majaribio 31 yenye wanawake zaidi ya 12,000. Kila kidonge cha homoni mbili kilicholinganishwa na kidonge kisicho na dawa kilipunguza chunusi, na tofauti kati ya aina moja na nyingine zilikuwa ndogo. Nasisitiza hili la mwisho kwa sababu wasichana wengi wanaambiwa famasi kwamba lazima wanunue pakiti ya bei kubwa kutoka nje.

Sasa dada yako. Sindano ya miezi mitatu haina estrojeni, ina projestini peke yake. Kijiti cha mkononi nacho ni projestini peke yake, na vidonge wanavyopewa akina mama wanaonyonyesha ni hivyohivyo. Kwa baadhi ya wanawake projestini ikiwa peke yake huongeza chunusi, kwa sababu ina tabia kidogo ya androjeni na hakuna estrojeni ya kuizuia. Kwa hiyo dada yako hakukosea kuona alichokiona. Mwambie asikatishe sindano kwa hasira na kubaki bila kinga. Aende aliposhauriwa mwanzo, aeleze habari ya uso, apewe njia nyingine siku hiyohiyo. Na kwa kuwa uko hosteli, niseme na hili: P2 haitibu chunusi. Ile ni dozi kubwa ya projestini ya kumezwa mara moja kwa dharura. Nimekutana na mabinti wanaoimeza kila mwezi "kusawazisha homoni". Wanachopata ni hedhi iliyovurugika.

Nusu pakiti uliyopewa, itoe mkobani uiangalie. Pakiti nyingi zinazotolewa kwenye vituo vyetu zina vidonge 28: 21 vya rangi nyepesi na 7 vya rangi ya kahawia. Vile vya kahawia ni madini ya chuma tu, vimewekwa ili mtumiaji asipoteze mazoea ya kumeza kila siku wakati hedhi inatoka. Kama mwenzako amekukatia upande wa mwisho, huenda sehemu kubwa ya ulichonacho hata homoni haina. Na hata kama ni vile vyenye homoni, siku kumi au kumi na nne hazitibu chochote. Utapata kichefuchefu na damu ya matone, useme vidonge ni vibaya. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mwenzako alipoanza, natumaini kuna mtu alimpima presha na kumuuliza maswali. Wewe hujaulizwa.

Swali la kwanza ambalo ningekuuliza ni kuhusu hicho kichwa, na nakuomba hapa usome polepole. Maumivu ya kichwa ya kawaida, ya njaa, ya kukesha na vitabu au ya jua la Januari, hayazuii vidonge. Kipo kipandauso, kinachogonga upande mmoja, kinachokufanya uchukie mwanga na kutaka kutapika. Na katika hicho kipo cha aina ya pekee: kabla kichwa hakijaanza, kwa dakika tano hadi saa moja hivi, unaona vimulimuli au mistari iliyopinda kama meno ya msumeno, au sehemu ya unachotazama inapotea, au ganzi inapanda kutoka vidoleni hadi mdomoni. Kama umewahi kupata hayo hata mara moja, kidonge chenye estrojeni si chako. Kinaongeza uwezekano wa kiharusi, na hakuna uso mzuri unaostahili gharama hiyo. Binti mmoja nilipomuuliza hivi alinyamaza, kisha akachora hewani kwa kidole ule mstari wa msumeno. Hakuwa amemwambia mtu, alidhani ni macho. Tulimtibu kwa njia nyingine na anaendelea vizuri.

Swali la pili ni presha. Dakika tano tu, mkanda mkononi, umekaa umetulia. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, hatukuanzishii. Halafu nitauliza kama wewe au mzazi au ndugu yako wa tumbo moja amewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, kama una ugonjwa wa ini, kama umewahi kuwa na saratani ya matiti, kama unavuta sigara, kama una dawa unazomeza kila siku. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge. Antibayotiki za kawaida, ikiwamo doksisaiklini tunayowapa watu wa chunusi, hazipunguzi, ingawa habari hiyo imeenea sana mtaani.

Suala la damu kuganda nitakupa kwa hesabu, kwa sababu watu hulitia chumvi au hulificha. Chukua wanawake 10,000 wasiotumia vidonge wala wasio wajawazito: katika mwaka mmoja kama wawili watapata damu iliyoganda kwenye mshipa. Kati ya 10,000 wanaotumia vidonge vyenye projestini iitwayo levonorgestreli, ambavyo ndivyo vya kawaida kwenye vituo vya serikali, ni kati ya watano na saba. Vyenye drospirenoni, ambavyo famasi kubwa za Arusha na Moshi huviuza kama "vya ngozi", ni kati ya tisa na kumi na wawili. Ujauzito wenyewe unaizidi hatari hiyo. Vipo pia vyenye saiproteroni. Ufaransa ilivisimamisha mwaka 2013 kwa sababu ya suala hilihili, kisha Ulaya ikavibakiza kwa wale tu ambao krimu na antibayotiki zimeshindwa. Ndiyo maana mimi huanza na kidonge cha kawaida cha levonorgestreli. Si kikali kwa chunusi kama vile vingine kwenye maandishi ya matangazo, lakini kinafanya kazi, kinapatikana, na hatari yake ni ndogo zaidi. Hatari hiyo iko juu zaidi mwaka wa kwanza, na inarudi juu mtu akiacha kwa mwezi au zaidi kisha akaanza upya. Kumeza leo, kuacha wakati wa likizo na kuanza tena chuo kikifunguliwa ndiyo namna mbaya kuliko zote.

Ukishaanza, uvijue hivi kwa moyo: mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma, kwenye shavu la mguu, kifua kuchoma ghafla, pumzi kukata, kichwa kikali ambacho hujawahi kukipata, macho kupotea. Hapo usisubiri kliniki ya kesho, nenda hospitali muda huohuo na useme unatumia vidonge vya homoni. Na ukisafiri kwenda Dar, basi likisimama Korogwe shuka utembee, usilale hadi mwisho wa safari.

Kuhusu mama. Hofu yake usiidharau, ina chanzo. Mwanamke akiacha sindano, mayai huchelewa kurudi. Kwa wastani hupita miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba, na wengine zaidi. Mtaani hata miezi sita haijaisha watu wameshasema fulani kaharibiwa kizazi. Lakini vidonge haviko hivyo. Ukiacha, homoni zake hutoka mwilini ndani ya siku chache, na wengi hedhi yao ya asili hurudi ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Havichomi kizazi wala havirundikani tumboni. Kwa kweli wanawake waliovitumia hupata saratani ya vifuko vya mayai na ya ukuta wa mji wa mimba kwa uchache kuliko wasiovitumia. Kwa uaminifu niseme pia kwamba wakati wa kuvitumia, uwezekano wa saratani ya matiti hupanda kidogo, na kwa umri wako uwezekano wenyewe ni mdogo sana. Ungependa, njoo na mama. Nimeshakaa na akina mama wengi, na mara nyingi anayeuliza maswali mazuri ni yeye.

Lipo jambo moja mama yako angependa kulijua zaidi ya vidonge, nalo hukuliandika: hedhi yako inakuja kwa mpangilio? Kama inaruka miezi miwili mitatu, kama una nywele nene kidevuni au kifuani, kama umenenepa ghafla au nywele za kichwa zinapungua katikati, tunataka kupima kabla ya kutibu, maana inaweza kuwa PCOS, hali ya vifuko vya mayai ambayo ina mambo yake ya sukari na ya uzazi. Hapo chunusi zinakuwa kengele tu. Vidonge vinaweza kuizima kengele na kuliacha jambo lenyewe, nawe ukadhani umepona.

Aibu uliyonayo naielewa, na inaniuma, kwa sababu inawapeleka mabinti kwenye vibanda badala ya vituo. Una miaka 22. Huhitaji kuwa na mwenza, na huhitaji kumdanganya nesi kwamba unaye. Ukifika dirishani sema hivi, kwa sauti ya kawaida: "Nina chunusi zinazofuata hedhi, naomba nipimwe presha na niulizwe kama vidonge vya homoni mbili vinanifaa." Huyo nesi amewasikia wengi. Akikuangalia vibaya, mwombe mwingine. Kwenye vituo vya serikali huduma ya uzazi wa mpango haitozwi. Kwa ngozi yenyewe, hapa Moshi mna hospitali ya Mawenzi, na pale hospitali ya KCMC kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, kinachosomesha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Watu wanasafiri siku mbili kufika mahali ambapo wewe unafika kwa daladala.

Sasa ile krimu. Binti yangu, hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vidonge. Krimu inayolainisha uso ndani ya wiki moja kisha ikaugeuka, karibu kila mara ina steroidi kali ndani, klobetasoli au ndugu zake, na mara nyingi imechanganywa na haidrokwinoni au hata zebaki. Ndiyo mkorogo, hata kama hukuitafuta kwa ajili ya weupe. Steroidi hutuliza wekundu na uvimbe, kwa hiyo unaona umepona; huku nyuma ngozi inakuwa nyembamba na chunusi za aina nyingine zinaota, ndogo, nyingi, zinazofanana. Kama bado unaipaka, kidonge chochote nitakachokupa kitashindwa na utakilaumu bure. Kama umeitumia kila siku kwa miezi, usiikate peke yako usiku mmoja, uso unaweza kuwaka moto. Njoo na kopo lenyewe, hata kama halina lebo, tukupangie namna ya kushuka.

Na ninavyokupangia, kidonge hakitakuwa peke yake wala hakitakuwa cha kwanza. Nitaanza na krimu mbili: benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 au 5 asubuhi, na adapalini usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, uso ukiwa umekauka. Wiki tatu za mwanzo ngozi itabanduka kidogo; ikizidi, ruka siku moja moja. Benzoili peroksidi inachujua kitambaa, kwa hiyo usijifutie kanga yako nzuri. Adapalini haitumiki kwa mjamzito. Acha mafuta mazito usoni, na kama unapaka mafuta ya nywele baada ya kusuka, yasishuke kwenye paji. Doa jeusi linalobaki si kovu. Hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa kama hulikamui na kama unalikinga na jua, na jua letu unalijua. Vinundu vikiwa vingi na vyenye usaha naongeza doksisaiklini kwa muda usiozidi miezi mitatu hivi. Kidonge cha homoni kinaingia hapo, iwapo majibu yako ya kichwa na presha ni mazuri na chunusi zinaendelea kufuata hedhi.

Kama estrojeni haikufai, ipo spironolaktoni, dawa ya zamani ya presha ambayo huziba masikio ya tezi za mafuta zisisikie androjeni. Inafanya kazi vizuri kwa wanawake, lakini mwenye nayo hatakiwi kushika mimba kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni, na haitolewi bila daktari.

Kidonge humezwa saa ileile kila siku. Jioni baada ya chakula kichefuchefu hupungua. Miezi mitatu ya mwanzo unaweza kuona matone ya damu katikati ya mwezi, matiti yakauma, na usoni usione badiliko lolote. Wengi huacha hapo, wiki chache kabla ya kuona faida. Mimi humhesabia mgonjwa miezi mitatu hadi sita kabla ya kusema kimeshindwa. Ukija kupata mwenza, kumbuka kwamba vidonge havizuii Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa, kondomu ina kazi yake. Na siku utakapoacha vidonge, chunusi zinaweza kurudi, ndiyo maana zile krimu huwa hatuziachi.

Hiyo nusu pakiti mrudishie mwenzako leo, maana na yeye ataikosa katikati ya mwezi. Kisha kesho asubuhi, kabla hujapaka chochote, simama karibu na dirisha na ujipige picha tatu: mbele, shavu la kulia, shavu la kushoto. Uje nazo pamoja na kopo la krimu na tarehe za hedhi zako tatu za mwisho.